Bingwa Akishavuliwa Taji

Katika masumbwi hakuna apandaye juu kama bondia wa uzito wa juu, wala hakuna aangukaye kwa kishindo kama chake. Na kadhia ninayotaka kuichambua hapa ni hiyo ya kuanguka, yaani yale yanayolipata jina la mtu tangu usiku anaponyang'anywa taji mbele ya halaiki hata siku anayozikwa, na pengine hata baada ya kuzikwa. Kenya haijapata kumtoa bingwa wa dunia wa uzito huo, wala majirani zake Uganda na Tanzania. Walakini hapa Isiolo, mji ambapo njia ya Moyale na njia ya Wajir huagana, na ambapo askari wa Chuo cha Askari wa Miguu aweza kuketi meza moja ya chai na Mborana aliyeleta ng'ombe sokoni, na Msomali mwenye duka, na Mmeru aliyeteremka na miraa yake, mjadala wa nani alikuwa bingwa wa kweli na nani alikuwa bingwa wa bahati hauishi, na aghalabu huwashwa na habari ya aliyeshindwa kuliko ya aliyeshinda. Si ajabu, kwani ndondi zenyewe kwa kiasi kikubwa ziliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa kambi za jeshi, polisi na magereza kabla hazijaenea mitaani, na mji wa kambi hauwezi kukosa rai juu yake.

Niitaje rai yangu mapema, ili msomaji ajue ninampeleka wapi. Konde linalomlaza bingwa chini huliweka jina lake rehani, halilipotezi. Na wa kulikomboa au kuliacha lipigwe mnada ni yeye mwenyewe, kwa udhuru anaoutoa au anaoumeza, akisaidiwa au akiangamizwa na mtu mmoja ambaye hana mamlaka juu yake tena, naye ni yule aliyemshinda. Lakini nitakuwa nimesema nusu ya kweli nikiishia hapo, maana liko sharti jingine, la fedha, ambalo kwa wana wa pande hizi limekuwa na nguvu kuliko udhuru wote.

Mabondia wa daraja nyingine wana mahali pa kukimbilia. Mtu wa ratili 147 akishindwa aweza kupanda akajaribu bahati yake katika ratili 154, na wa ratili 160 aweza kujikondesha akateremka, watu wakamsamehe wakisema hakuwa mahali pake. Mtu wa uzito wa juu hana pa kupanda, na kushuka mwili wake haumruhusu. Kwa hiyo akishindwa husemwa ameshindwa kabisa, kana kwamba palipimwa nguvu za wanadamu wote na yeye akaonekana kapungua.

Tofauti hiyo inaonekana wazi tukimtazama John Mugabi wa Uganda, aliyelakabiwa Mnyama. Tarehe 10 Machi 1986 alisimama mbele ya Marvin Hagler mjini Las Vegas akiwa hajapata kushindwa katika ndondi za kulipwa, na kila aliyekutana naye alikuwa amekwisha kulazwa au kuokolewa na mwamuzi kabla ya kengele ya mwisho. Hagler alimmaliza katika raundi ya 11, na usiku ule ule jina la Mugabi likapanda badala ya kushuka, kwa kuwa alikuwa ametoka katika uzito mdogo kwenda kumkabili mfalme wa uzito uliozidi wake, akampiga mapigo mazito mno; na ni kweli kwamba Hagler hakushinda pambano jingine baada ya hilo. Mugabi akarejea kwenye ratili zake 154, akashindwa tena kabla ya mwaka kwisha na Duane Thomas, kisha mwezi wa Julai 1989 akalitwaa taji la WBC huko Ufaransa, René Jacquot alipoteguka kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Taji lenye nusu ya bahati, lakini taji. Laiti angekuwa mtu wa uzito wa juu, njia hiyo ya kurudi nyuma asingeiona.

Kuna mfano mwingine wa kwetu wenyewe, ingawa si wa uzito wa juu wala wa ndondi za kulipwa, nao ningeuweka mbele ya kila anayedhani kwamba ushindi na heshima ni kitu kimoja. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Philip Waruinge wa Kenya alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, mwana wa nchi iliyoandaa michezo, akarudi na medali ya shaba; lakini kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa likipewa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote katika mashindano yale, alipewa Waruinge. Mabingwa wa dhahabu walikuwapo, wakapitwa. Na mmojawapo wa mabingwa hao waliopitwa alikuwa kijana wa Texas wa miaka 19, mnene wa mikono, aliyezunguka ulingoni na kibendera kidogo cha Marekani mkononi baada ya kuushinda uzito wa juu. Jina lake George Foreman, na kwa kuwa ndiye aliyeshindwa pambano la taji linalokumbukwa kuliko yote yaliyopiganwa katika ardhi ya Afrika, inafaa nikae naye kitambo.

Pambano hilo, la Kinshasa dhidi ya Muhammad Ali, lilikuwa limepangwa kufanyika tarehe 25 Septemba 1974, ambayo kwa Waislamu ilikuwa ndani ya Ramadhani. Foreman akachanwa juu ya jicho katika mazoezi, likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, mwezi wa Mfunguo Mosi. Rais Mobutu alikuwa ameahidi dola milioni tano kwa kila bondia ili dunia iitazame nchi yake, Zaire, na uwanja ulikuwa ule wa 20 Mei, saa kumi za usiku, ili Wamarekani watazame jioni kabla ya kulala. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo Foreman alipokuwa anahesabiwa, hapa Isiolo kulikuwa kumekwisha kucha. Alikwenda kule na mapambano 40, ameshinda yote, 37 kwa kumwangusha mpinzani. Alikwenda pia na mbwa mkubwa wa Kijerumani ambaye Wakongo, waliowajua mbwa wa askari wa Kibelgiji, hawakumpenda hata kidogo. Muhammad Ali alijibanza kwenye kamba, akajikinga, akaacha apigwe mbavuni na mikononi mpaka mwenye nguvu akaishiwa nguvu, na katika raundi ya nane akamwangusha.

Tazama sasa lililotokea siku ya pili yake, maana hapo ndipo kiini cha habari yote. Ile hesabu ya 37, ambayo hadi alfajiri ile ilikuwa ithibati ya mtu wa kutisha, iligeuka kuwa hati ya mashtaka. Mapambano yake manane ya mwisho kabla ya Kinshasa hayakuwa yamepita raundi ya pili. Joe Frazier alikuwa ameangushwa mara sita ndani ya raundi mbili huko Kingston, Jamaica, mwezi wa Januari 1973, na Ken Norton hakufika mbali zaidi huko Caracas mwezi wa Machi 1974. Watu walewale walioyataja mambo hayo kwa hofu walianza kuyataja kama ushahidi kwamba mtu huyu hakuwahi kujua pumzi ni nini, kwamba hakupata kupigana na mtu asiyemwogopa. Hakuna lililokuwa limebadilika katika mapambano yale ya zamani. Frazier alikuwa ameanguka mara sita zile zile. Kilichobadilika ni macho ya mtazamaji, ambaye sasa alikuwa anaisoma habari kutoka mwisho kurudi mwanzo, mfano wa mnunuzi sokoni ambaye akisikia kwamba ngamia huyu alipata kulala njiani na mzigo, hayatazami meno tena, huinama akatazama magoti tu.

Hii ndiyo dhuluma ya kwanza inayompata bingwa aliyeshindwa, na haimwachi hata akiwa hana hatia: hushindwa leo, akapokonywa na jana. Kinyume chake ni mtu ambaye hakupata kupimwa kamwe, na hapa nawaomba majirani zetu radhi nikimtaja Idi Amin, aliyekuwa bingwa wa Uganda wa uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu tangu 1951 hata 1960, na ambaye sifa yake ya ndondi imebaki mpaka leo katika vitabu bila doa, kwa sababu hakwenda kukutana na wale ambao wangeitia doa.

Foreman alifanya kosa ambalo bingwa aliyeshindwa hulifanya kwa urahisi kuliko jingine lolote, nalo ni kutafuta udhuru. Kamba za ulingo zililegezwa; mwamuzi alihesabu upesi; hata maji aliyopewa kunywa aliyatilia shaka, na shaka hiyo akaendelea kuitaja kwa miaka mingi. Sitaki kupima kila dai kwa mizani yake, maana kamba zile zilikuwa kweli zimelegea, na hilo wengi waliliona. Lakini umma hauhukumu udhuru kwa kweli yake. Udhuru wa kweli na udhuru wa uongo hupokewa kwa sikio moja, na anayeutoa huonekana ameshindwa mara mbili, mara ya kwanza na mtu na mara ya pili na nafsi yake. Mwezi wa Aprili 1975, huko Toronto, akakubali kupigana na watu watano kwa siku moja, mmoja baada ya mwingine, ili dunia ione kwamba pumzi anayo, na Ali mwenyewe akaketi kando ya ulingo akimfanyia tashtiti. Aliwashinda watu wale. Heshima haikurudi, ilizidi kukimbia, kwa kuwa mtu anayethibitisha kwa nguvu namna hiyo huwaambia watu kwamba yeye mwenyewe hana yakini.

Mwaka uliofuata alimwangusha Ron Lyle katika pambano ambalo wajuzi wa ndondi hulitaja hata leo, akamwangusha Frazier mara ya pili, kisha mwezi wa Machi 1977 akashindwa kwa pointi na Jimmy Young huko Puerto Rico, na katika chumba cha kubadilishia nguo akapatwa na hali aliyosema ni ya Mungu kumwita. Akaacha ngumi miaka kumi. Akawa mhubiri huko Houston, akafungua kituo cha vijana, akanenepa, akajifunza kucheka. Alipoyarudia masumbwi mwaka 1987, kwa sababu kituo kilihitaji fedha, watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao. Na tarehe 19 Aprili 1991, akiwa na miaka 42, alipigana na Evander Holyfield kwa ajili ya taji, akashindwa kwa pointi baada ya raundi zote kumi na mbili.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa sana. Mtu mmoja, kwa taji lile lile, alishindwa mara mbili: kushindwa kwa 1974 kulimvunja, na kushindwa kwa 1991 kulimjenga. Kusema kwamba mara ya kwanza aliangushwa na mara ya pili alisimama mpaka mwisho ni kweli, lakini haitoshi, kwani wengi wamesimama mpaka mwisho na hakuna anayewakumbuka. Tofauti ilikuwa katika kile watu walichotaraji kabla ya kengele na katika kile alichosema baada yake. Mwaka 1974 alitarajiwa aue, akashindwa, akalalamika. Mwaka 1991 alitarajiwa aaibike, akastahimili, akamsifu mwenzake. Na miaka ilivyopita habari ya Kinshasa nayo akaisimulia upya, akakiri kwamba Ali alimshinda, basi, na urafiki wao ukawa wa dhati hata mwaka 1997, filamu ya pambano lile ilipopewa tuzo ya Oscar, Foreman ndiye aliyemshika Ali mkono, Ali aliyekwisha kudhoofishwa na maradhi ya kutetemeka, akampandisha ngazi za jukwaa.

Kabla ya hapo, tarehe 5 Novemba 1994, alikuwa amelirudia taji akiwa na miaka 45, kwa kumwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi, pambano ambalo kwa pointi alikuwa analipoteza. Alivaa ile ile kaptura nyekundu ya Kinshasa. Na katika kona yake alisimama Angelo Dundee, ambaye miaka 20 nyuma alisimama katika kona ya Ali.

Nilisema kwamba jina la aliyeshindwa limo mikononi mwa aliyemshinda, na katika hili Foreman alibahatika ingawa mwanzoni ilionekana balaa. Kushindwa na mtu ambaye baadaye dunia nzima itamwita mkuu kuliko wote ni kupata nafasi katika historia ambayo hakuna awezaye kuifuta. Mtazame Mike Tyson, ambaye hali yake ilikuwa kinyume. Tarehe 11 Februari 1990 huko Tokyo aliangushwa katika raundi ya kumi na James Douglas, mtu ambaye waweka dau wa Las Vegas walimpa nafasi moja dhidi ya 42. Na Douglas, baada ya miezi minane, akaenda kulitetea taji akiwa amenenepa, Holyfield akamlaza katika raundi ya tatu, asiinuke. Laiti Douglas angekaa mfalme miaka mitano, Tyson angesemwa alishindwa na mfalme. Kwa kuwa Douglas alitoweka upesi, Tyson akabaki ameshindwa na mtu asiyekuwa kitu, na kila aliyekuwa akimhofu akaanza kujiuliza alikuwa akihofu nini. Promota wake alijaribu hata kulibatilisha tokeo kwa hoja kwamba Douglas, alipoangushwa katika raundi ya nane, alihesabiwa polepole. Hoja ikaachwa baada ya siku chache, lakini harufu yake haikuachwa.

Sonny Liston yeye aliharibu mwenyewe. Alipobaki kitini Miami Beach mwezi wa Februari 1964, akisema bega limeumia, alikuwa ameshindwa na kijana ambaye hakuna aliyejua bado atakuwa nani. Na baadaye, kijana huyo alipokuwa Muhammad Ali, jina la Liston lilistahili kusamehewa. Bali pambano la marudiano huko Lewiston, Maine, mwezi wa Mei 1965, lilimalizika katika raundi ya kwanza kwa konde ambalo wengi waliokuwa ukumbini hawakuliona, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwamini kwa lolote, si kwa bega la Miami wala kwa ushindi aliopata zamani.

Mtu aliyempokonya Liston nafasi ya kuhurumiwa, kama naweza kusema hivyo, alikuwa Floyd Patterson, ambaye Liston mwenyewe alimwangusha katika raundi ya kwanza huko Chicago mwezi wa Septemba 1962. Patterson aliona haya kiasi cha kuondoka uwanjani amejivika ndevu za bandia ili asitambulikane. Wapo walioicheka fedheha ile. Mimi naona ndevu zile zilimfanyia jambo ambalo ushindi haukumfanyia, kwani watu walimwona kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye haya, na mwenye haya hakosi wa kumwonea huruma. Naye Ali, aliposhindwa na Frazier tarehe 8 Machi 1971 katika Madison Square Garden, aliangushwa katika raundi ya 15 na konde la kushoto, akainuka upesi na taya limevimba, akamaliza pambano kwa miguu yake. Waliotaka kumwona ameanguka walimwona ameanguka, na waliotaka kujua kama ataamka walijua.

Zama zetu mambo yamechanganyika kidogo, kwa sababu mikanda imekuwa minne, ya WBA, WBC, IBF na WBO, na mikataba ya mapambano makubwa hutaja marudiano kabla pambano la kwanza halijapiganwa. Hivyo kushindwa kumekuwa kama mkopo wenye tarehe ya kulipwa. Lennox Lewis aliangushwa na Hasim Rahman mwezi wa Aprili 2001 huko Brakpan, Afrika ya Kusini, mji ulio juu sana ya usawa wa bahari, ambako alifika siku chache tu kabla ya pambano kwa kuwa alikuwa akishiriki katika filamu huko Las Vegas. Jambo ambalo mkimbiaji yeyote wa Iten angemweleza bila malipo kwamba si busara. Kabla ya mwaka kwisha akamlaza Rahman katika raundi ya nne, na leo kushindwa kule hutajwa kama ajali. Anthony Joshua naye, aliyeangushwa na Andy Ruiz tarehe 1 Juni 2019 mjini New York, alilirudisha taji mwezi wa Desemba huko Diriyah, Saudia, kwa pointi, akipigana kwa tahadhari kubwa. Na hapo utaona kwamba mkanda waweza kurudi na haiba isirudi, kwa maana waliomtazama akimzunguka Ruiz kwa mbali walihisi kwamba mtu yule wa zamani hakurudi nao. Joshua alipokea kushindwa kwa Ruiz kwa adabu, akasifiwa. Bali usiku wa tarehe 20 Agosti 2022 huko Jeddah, baada ya Oleksandr Usyk kumshinda mara ya pili, aliitupa mikanda miwili nje ya ulingo, kisha akashika kipaza sauti akasema maneno mengi yasiyo na mpangilio. Kwa nukta hizo chache alipoteza zaidi ya alichopoteza katika raundi 12.

Na mara nyingine jina la mtu huwa limekua likapita mikanda yote, hata kushindwa na kushinda vikawa sawa kwake. Mwezi wa Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali Afrika ili azishawishi serikali zisiende Moscow kwenye Olimpiki. Ali huyo alikuwa amekwisha kushindwa na Frazier, na Norton, na Leon Spinks, taji akalipoteza mara mbili, moja ulingoni na moja kwa kukataa kwenda vitani. Dar es Salaam alilakiwa na watu kwa shangwe, lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, akiona si taadhima kwa dola kubwa kumtuma bondia kwa kazi ya balozi. Na waandishi walipomuuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika waliposusia Montreal mwaka 1976, akakiri kwamba habari hizo hakuwa nazo. Kisha akaja Nairobi. Kenya haikwenda Moscow. Uganda ilikwenda, na ndiko Mugabi alikopata medali yake ya fedha. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ukomo wa jina: liliweza kujaza barabara, lisiweze kufungua mlango wa Ikulu.

Tukija karibu zaidi, Francis Ngannou wa Kamerun alimwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu huko Riyadh tarehe 28 Oktoba 2023, akashindwa kwa pointi za majaji waliogawanyika. Taji halikuwekwa ulingoni usiku ule. Riyadh na Isiolo zina saa moja, na waliokesha hapa hawakuhitaji kuhesabu tofauti. Walilala wakiamini Mwafrika ameonewa, na jina la Ngannou likawa kubwa kuliko la aliyemshinda. Miezi mitano haikupita, Joshua akamlaza katika raundi ya pili, na ile heshima aliyoipata kwa kushindwa vizuri ikapungua kwa kushindwa vibaya.

Sasa lile sharti la fedha. Wote niliowataja waliokombolewa, Lewis, Joshua na Foreman mzee, walipewa nafasi ya pili, na nafasi ya pili hununuliwa. Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa WBA aliyekuwa hajapata kushindwa, alipokwenda Houston tarehe 25 Juni 1981 akaangushwa na Sugar Ray Leonard katika raundi ya tisa, alikuwa na soko la Denmark nyuma yake, na kwa hilo aliweza kuendelea, hata akawa bingwa wa Ulaya. Mganda mwenzake Mustafa Wasajja, aliyekuwa karibu zaidi na uzito wa juu, alishindwa na Michael Spinks huko Atlantic City mwezi wa Februari 1982 katika pambano la taji la dunia, na nafasi nyingine ya taji hilo hakuipata tena. Baadaye akapatwa na maradhi ya kutetemeka kama Ali, akafa mwaka 2009. Spinks aliendelea mpaka akautwaa ubingwa wa uzito wa juu mwaka 1985. Kwa kanuni niliyoieleza hapo juu, jina la Wasajja lingepaswa kupanda pamoja na la aliyemshinda. Halikupanda, kwa sababu hapakuwa na promota wala gazeti lililokuwa na faida ya kulipandisha, na sisi wenyewe tulikuwa na mambo mengine. Kwa hiyo ninaposema kwamba bondia hulikomboa jina lake kwa ulimi wake na kwa ushujaa wake wa pili, natakiwa niongeze kwamba nasema habari za wale walioruhusiwa kupanda ulingoni mara ya pili.

Basi ombi langu ni kwa waandishi na watangazaji wa michezo wa Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, ambao kila bondia wetu akishindwa ng'ambo huuliza kama alikuwa na moyo wa kutosha. Waulize pia alipewa siku ngapi za kujiandaa, alipigana kwa ratili ngapi, nani alimlipa na kiasi gani, na kama mkataba ulitaja marudiano. Kisha wayachapishe majibu hayo katika ukurasa ule ule yanapochapishwa matokeo.